Onyo la Kitanda

Kwa miaka mitatu Mwatime aliwatumia wateja wa kampuni ya vitanda matangazo ya baruapepe, asubuhi na jioni, hata wale waliokwisha kuomba waachwe. Bosi wake alikuwa akisema, "Atakayechoka atayafuta mwenyewe."

Ilipogundulika kwamba kitanda cha watoto kina ubao unaofyatuka, Mwatime aliandika onyo: "Msiwalaze watoto humo." Akalituma kwa wateja elfu mbili. Kufika adhuhuri, waliolifungua walikuwa tisa tu. Kwa wengine wote liliangukia kwenye kapu la taka, kwani kwenye mitambo ya baruapepe jina la kampuni lilikwisha kuchafuka.

"Tuma tena," bosi aliamuru.

"Kila nikituma tunazidi kuonekana wasumbufu, mzee. Baruapepe zetu hazifiki."

"Basi tuma tena."

Mwatime akatuma, kisha akachukua simu na kupiga namba ya kwanza kwenye orodha. Akapokea mwanamke.

"Samahani dada, napiga kutoka kampuni ya vitanda, tafadhali..."

"Nyie tena! Sasa mmenifuata mpaka kwenye simu?"

Kabla simu haijakatwa, Mwatime alisikia mtoto akicheka na kurukaruka, na mbao zikilia chini yake.