Kiganja Mlangoni

Shaweji alimdanganya mwenye duka kwamba darubini ya kuonea gizani anaitaka kwa ajili ya nguruwe wanaomaliza muhogo wake. Muhogo hakuwa nao. Alikuwa na mke, Zaituni, ambaye siku hizi hujifukiza udi hata akienda sokoni.

"Basi chukua hii, kaka," alisema Kitwana, mwenye duka. "Hii haitaki mwanga hata chembe. Inaona joto. Njoo stoo nikuonyeshe."

Alizima taa, akabandika kiganja ukutani, kisha akakiondoa. Ndani ya darubini kiganja kilibaki palepale, cheupe, na vidole vyake vyote.

"Mtu keshaondoka, joto lake bado lipo," Kitwana alicheka. "Likikaa kidogo, linapotea."

Shaweji aliizungusha darubini. Kwenye mlango wa uani palikuwa na kiganja kingine, kidogo kuliko cha Kitwana, chembamba, kimeanza kufifia.

"Umeshinda na nani humu leo?"

"Na nani tena, kaka? Peke yangu."

Wivu ulimpanda. Alisikia harufu ya udi, au alidhani anaisikia. Mkono wa Zaituni aliujua: wakipimana viganja, vidole vyake humwishia kwenye pingili za mwisho. Aliuendea mlango kwa pupa, akakandamiza kiganja chake juu ya kile, apime.

Alipoutoa mkono na kutazama tena, mlangoni palikuwa na kiganja kimoja tu, kipana, kinang'aa kama kaa la moto. Chake mwenyewe.