Kikapu Kilichonyooshwa

Pale Lubunga, Yolande alikuwa na siri moja. Kila kikapu alichosuka koko, bibi yake aliyepita miaka tisini, Yolande alikifumua na kukisuka upya kabla ya kukivusha mto kwenda sokoni. Macho ya koko yalikuwa yamekwisha, na fito zake zilienda upande. Yolande hakutaka watu wamcheke.

Asubuhi ile koko aliomba akishike kikapu kabla hakijaondoka. Vidole vyake vikavu, vyenye mafundo, vilizunguka ukingo mara moja, vikarudia, kama vinamtafuta mtu.

“Hii haiko kazi yangu.”

“Iko yako, koko. Nilitengeneza tu fasi, pale ilipinda.”

“Na zingine?”

Yolande alishindwa kudanganya. “Zote. Tangu mwaka jana.”

Koko alimnyooshea mjukuu wake mikono yote miwili.

“Hii nayo ilipinda, mama. Utaifumua siku gani?”

Akapapasa mkekani, akakipata kisu chake cha kuchongea fito, ambacho hakuwahi kumwachia mtu, akamwekea Yolande mapajani.

Yolande alimrudishia haraka, akalia, akaomba msamaha. Lakini koko aliviacha vidole vyake wazi, na kisu kikaanguka chini.