Mama wa Msalabani

Vioo vya jirani yangu Tirza vilikuwa vimefunikwa shuka za msiba. Kombora lilikuwa limemuua mwanawe. Nikakaa kimya, Injili mkobani, maana kwetu Wayahudi, hata sisi tunaomwamini Yesu, mgeni wa matanga hafungui kinywa mpaka mfiwa aanze.

Tirza, juu ya kigoda, alikuwa akivutavuta uzi wa blauzi yake iliyochanwa kifuani kwa maombolezo.

"Kila siku ngazini unanihubiria huyo Yesu wako," akasema hatimaye. "Leo umemeza ulimi?"

"Sina neno, dada yangu."

"Alipokufa, mama yake alikuwepo?"

"Alikuwa pale pale msalabani."

"Akasema nini?"

Nikaipekua Injili nzima kichwani.

"Hakusema kitu."

Akavuta kigoda karibu nami.

"Habari za mwana sitaki. Nipe za huyo mama."