Miezi Sita ya Mama Tefo

Motlohi mkopeshaji alimbeba Mama Tefo mgongoni mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni ya bomba, akamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari lake na kumkimbiza hospitali. Botshabelo nzima haikuwahi kuona jambo kama hilo. Huyu si ndiye Motlohi aliyemng'olea mzee wa watu mlango wa nyumba mwezi wa saba mwaka jana, baridi inagandisha maji ndooni, kwa deni la randi mia nne?

Wakati huo Mama Tefo alikuwa mjane wa mwezi mmoja. Mumewe alikufa ghafla mwisho wa Februari, na katika ukoo wao mtu mzima hazikwi bila ng'ombe kuchinjwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Yeye maskini alianzia kwenye matanga. Kuuza maandazi stendi hakununui ng'ombe, sembuse jeneza na hema la wageni. Akaenda kwa Motlohi.

Motlohi kila mia aliitaka mwisho wa mwezi ikiwa mia na hamsini, na isiporudi ilizaa tena. Alichukua kadi yake ya benki na kitambulisho, kama alivyofanya kwa kila mkopaji. Mama Tefo, kwa kuwa hakuzoea kudanganya, akamwambia kabisa kwamba ana ugonjwa wa moyo, hivyo siku akichelewa kulipa amvumilie. Motlohi alimsikiliza kwa makini sana. Kisha akamtolea karatasi kadhaa, naye akazitia sahihi zote bila kusoma hata moja. Mwenye msiba anasoma nini?

Basi tangu siku ile ya foleni ya bomba, Motlohi akawa mtu mwingine. Akaleta machungwa. Akaleta maini. Kila Jumapili alipita kuhesabu vidonge kwenye chupa, na vikizidi hata kimoja anagomba mpaka majirani wanasikia. Siku moja Mama Tefo alimpelekea randi mia mbili alizozikusanya kwa jasho la wiki tatu. Motlohi akamrudishia mkononi.

"Kanunue nyama ule," alisema. "Deni halina miguu, Mama Tefo. Mimi ninachotaka ni uzima wako."

Puseletso, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema lililokuwa mioyoni mwa wote. Mjane huvaa nyeusi miezi sita, na mwanamume mwenye adabu hamtamkii neno mpaka azivue. Sasa mwanamume aliyefiwa na mke miaka mitano, mwenye gari na nyumba ya vyumba vinne, anahesabu vidonge vya mjane kwa sababu gani?

"Mwenzangu, huyo anangoja nyeusi zivuliwe," alimwambia. "Wewe jifanye huoni."

Mama Tefo alimkemea, akamwambia hana haya, maiti hata haijapoa. Lakini mwisho wa Mei Motlohi alikuja, akakunja vidole vya mkono kimoja baada ya kingine, akasema, "Tumemaliza mitatu, bado mitatu. Tafadhali usiniangushe." Mama Tefo alishindwa hata kumkaribisha chai. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na aliona aibu, na alifurahi, vyote kwa pamoja. Si kwamba alimpenda. Deni lilikuwa limeshapita thamani ya nyumba yake, na mwanawe Tefo alikuwa kidato cha mwisho. Akiolewa, deni litakufa lenyewe, nani amdai mkewe? Mtoto atamaliza shule akiwa na paa juu ya kichwa.

Julai alianguka mara mbili, na mara zote mbili Motlohi alifika kabla hata Puseletso hajamaliza kupiga kelele. Daktari alimwambia mgonjwa waziwazi kwamba kinachomponya ni kuwahishwa. Siku atakayocheleweshwa saa moja, asahau. Mama Tefo alirudi nyumbani akimwombea Motlohi maisha marefu.

Jumamosi ya mwisho wa Agosti, mawifi zake wakaja kumvua nyeusi. Walimwosha, wakamnyoa, wakamvika gauni jipya la bluu alilolishona Puseletso kwa mkopo. Pombe ya mtama ikanywewa, vigelegele vikapigwa. Motlohi hakuonekana. Wanawake wakasema ni heshima hiyo, hawezi kuja siku hiyohiyo kama fisi aliyesikia harufu. Mama Tefo alicheka mpaka akashika kifua.

Jumatatu asubuhi akaanguka uani, akiwa na gauni lilelile la bluu.

Puseletso alikimbia pekupeku mpaka kwa Motlohi. Alimkuta ameketi nje anaota jua, kikombe cha chai mkononi, gari liko langoni.

"Shemeji, twende upesi, ameanguka."

Motlohi aliuliza kama bado anapumua. Puseletso akasema anapumua, lakini kwa taabu. Motlohi akamwambia asubiri kidogo, apige simu kwanza, akaingia ndani. Puseletso alimshukuru Mungu kwa mwanamume mwenye akili, anayewapigia hospitali wajiandae. Dirisha lilikuwa wazi.

"Nauliza ile bima ya mazishi niliyomkatia dada yangu yule mjane mwezi wa tatu," Motlohi alikuwa akisema. "Miezi sita ya kungoja imekwisha juzi, sivyo? Kwa hiyo akifa leo mnanilipa pesa zote."

Akashukuru, akatoka, akaketi tena juani na kuchukua kikombe chake.

"Gari halina mafuta," alisema.