Kinu cha Ng'ambo ya Uzio

Kinu cha Bibi Faidha kilijibu pigo moja tu, kitu kikalia kaa! kama mfupa unaovunjika, kisha kimya.

Rose alisimama uani kwake na mchi mkononi, akasikiliza. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mikorosho. Akatwanga tena, kwa nguvu, hata makopa ya muhogo yakaruka nje ya kinu. Ng'ambo ya uzio hakujibu mtu.



Tangu amzike mwanawe Selestini, Rose hakuwa amevuka uzio ule. Mume alikufa zamani. Mtoto ndiye aliyekuwa amebaki, naye akagongwa na pikipiki ya Awadhi, kijana wa bodaboda, kwenye kona ya barabara iendayo Masasi. Baada ya hapo Rose alishinda kitandani, mlango umefungwa. Hali, haogi. Pikipiki ikinguruma mbali huko, anajifunika shuka gubigubi.

Jirani yake, Bibi Faidha, ndiye aliyekuja akakaa kando ya kitanda.

"Mama Selestini, sikwambii uache kulia. Lia. Ila ukiamka, nawa uso. Fagia hapo mlangoni, usiende mbali. Halafu tia kinuni kiganja cha makopa, utwange. Nikikusikia, na mimi natwanga. Ukisikia changu, ujue kumekucha na hauko peke yako."

"Na nikishindwa, bibi?"

"Kufagia ukishindwa, acha. Kutwanga utwange, nisije nikadhani umekufa nikakusanya watu bure."

Basi ikawa hivyo. Rose anatwanga, ng'ambo kinajibu, mapigo mepesi ya mtu aliyezoea. Masika yalipokwisha mapigo yale yakabadilika. Yakawa mazito, yanakwenda ovyo, kama mtu anayegombana na kinu. Uzee huo, Rose aliwaza. Lakini hayakukosa hata asubuhi moja. Naye taratibu akaanza kujipikia uji. Akaanza kuoga. Usiku akaanza kupata usingizi.

Mpaka jana, alipokuja Julia, mke wa kaka yake, anayemletea mahitaji kutoka sokoni Newala.

"Wifi, mashavu hayo! Makopa unayatwanga au unayamumunya?" Julia alicheka, halafu akashusha sauti. "Umesikia Awadhi katoka jela? Siku nyingi, mbona. Pikipiki hana tena. Watu wanamwona alfajiri, anatembea kwa miguu, huku huku kwetu."

"Anatafuta nini huku?"

"Nitajuaje mimi? Wewe funga mlango."

Rose alifunga, akaegemeza na kinu kwa ndani. Na alfajiri hii, kwenye ufa wa mlango, alimwona kwa macho yake: mtu mrefu ndani ya ukungu, kainamisha shingo, anapita kando ya uzio. Hakusimama kwake. Alikata kona, akaingia kwa Bibi Faidha.

Rose alisubiri yowe. Hakusikia. Akakisukuma kinu hadi uani, akatwanga ili tu ajue kama bibi ni mzima. Ndipo likaja lile pigo moja.

Aite watu? Hadi wafike, watakuwa wamechelewa. Arudi ndani? Bibi wa watu yuko peke yake na yule.

Alikaza kanga kiunoni, akaushika mchi kwa mikono miwili kama rungu, akavuka uzio.

"Hodi!"

"Karibu." Sauti ilikuwa nyembamba, inatoka chini.

Bibi Faidha alikuwa amelala mkekani, mkono wa kulia umelala pembeni kama si wake. Rose akapiga magoti.

"Bibi! Kakufanya nini?"

"Kanifanya nini nani?" Bibi alimtazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mama Selestini. Umevuka uzio!"

"Mkono huo, bibi!"

"Huu? Huu ulikufa masika yalipokwisha. Niliwakataza watu wasikwambie, ungerudi kitandani."

Rose aliutazama ule mkono. "Tangu masika? Sasa asubuhi zote hizi, nani..."

Bibi akaelekeza kwa kidevu mlango wa uani.

Rose aliusukuma kwa ncha ya mchi. Kando ya kinu, mwanamume mrefu alikuwa amechuchumaa, anaokota vipande vya mchi vilivyotapakaa kwenye makopa, viganja vimejaa malengelenge kama vya msichana anayejifunza kutwanga.

"Shikamoo, mama," alisema Awadhi, bila kuinua uso. "Umevunjika kabla sijamaliza kukujibu."