Valvu Nyembamba, Tundu Pana

"Mama Sifuna, hiyo haitatoshea." Fundi Kipketer aliishika tyubu kwa valvu yake kama mtu aliyemshika panya mkia. "Rimu ya Landirova ya zamani ina tundu pana. Valvu hii ni nyembamba, itachezacheza humo. Na kwa hizo barabara zenu za mawe, itakatika shingo kabla hujaona lami."

"Nipe hiyo hiyo."

"Basi nikuwekee kipete cha mpira, kijaze lile tundu."

"Ati kipete? Si nimesema sitaki!"

Kipketer alicheka, akawageukia wateja wengine pale kibandani kwake Tuwan, mjini Kitale. "Mwenye macho haambiwi tazama. Huyu mama anayo, lakini anataka kuyafumba."

Phelista aliikunja tyubu, akaitia kikapuni chini ya sukari, akashika njia ya kurudi kwake, huko juu ya Kimilili.

Sasa usidhani hakujua alichonunua. Marehemu Wanyonyi, mume wake, aliendesha Landirova ya watu wa misitu mpaka akazeeka nayo, na Phelista ndiye aliyekuwa akimshikia spana. Valvu nene kwa tundu pana, nyembamba kwa tundu jembamba, na fupi usiitie kwenye rimu nene, itazama humo ndani pampu isiione. Hata kitendawili alikuwa nacho, alichowategea wanawe walipokuwa wadogo: mgeni wangu akiwa ndani, nyumba husimama, akitoka, nyumba hulala. Nao walikuwa wakipiga kelele, "Upepo wa tyubu!"

Watoto wale waliota manyoya, wakaruka mmoja mmoja. Wanyonyi naye akaenda kule kusikorudi mtu. Phelista akabaki na kuku. Alijifunza kusonga ugali wa ngumi moja na kuzungumza na sufuria. Kuna siku alijikwaa mlangoni, akasimama kungoja aambiwe pole, ndipo akakumbuka hakuna wa kusema.

Halafu akaja Sifuna, kitindamimba wake, na Landirova yake kuukuu kutoka Nairobi. Alisema ni safari ya kulala na kuamka tu. Kulipokucha, gurudumu lilikuwa limelala pale pale uani, tyubu imechanika vibaya, haizibiki.

"Na spea?" Phelista aliuliza.

"Niliisahau, Mama."

"Uliisahau! Baba yako angekukimbiza na jeki."

Sifuna alisema kazini wanamngoja, lazima tyubu ipatikane upesi. Phelista akajitolea kwenda kuitafuta, maana yeye ndiye anayewajua mafundi. Sifuna hakubisha hata kidogo. Kwanza mama alienda Bungoma, akarudi na yenye valvu fupi. Ikazama ndani ya rimu kama kobe anayejificha. Sasa alikuwa na hii ya Kitale.

"Haitoshei," Sifuna alisema, akiichezesha valvu tunduni kama ulimi kwenye pengo la jino. Wala hakukasirika. Moyo wa babake huo, Phelista akajiambia.

"Pole, mwanangu. Ni uzee huu. Nitaenda tena siku ya soko."

"Hakuna shida, Mama. Kuna ugali?"

"Unauliza kama mgeni! Nawa mikono."

Zilikuwa siku tamu. Palikuwa na viatu vikubwa mlangoni na mtu wa kukohoa chumba cha pili. Sifuna alitengeneza banda la kuku, akaziba paa lililokuwa likivuja, akapanda hata miche ya sukuma nyuma ya jikoni.

"Hiyo utaila lini, bana, na wewe ni mtu wa kuondoka?" mama alimtania.

"Utanilia wewe."

Lakini mchana mmoja alimkuta ameketi ndani ya Landirova, mikono kwenye usukani, akiitazama simu isiyolia. Nyuma ya gari, mablanketi na sufuria zake zilikuwa bado zimefungwa kamba. Husafiri na nyumba nzima, kama babake, Phelista aliwaza.

"Sandra hajambo huko? Na watoto?"

"Hawajambo," Sifuna akajibu, akageuza uso.

Hapo moyo ulimchoma mama. Mtoto wa watu ana kazi, ana mke, ana watoto wanaomlilia, na yeye amemfunga hapa kama ndama ili asikie mtu akikohoa. Mapenzi gani haya?

Kesho yake alirudi kwa Kipketer. "Nipe ile nene. Ndefu."

"Leo umefumbua macho, Mama Sifuna?"

"Nimeyafumbua. Fanya haraka nisije nikayafumba tena."

Alimkabidhi Sifuna tyubu kwa mikono miwili, bila kumtazama. "Hii ndiyo yenyewe. Funga, unywe chai, uondoke kabla mvua haijaharibu barabara."

"Asante, Mama," Sifuna alisema, polepole.

Phelista alimkamata jogoo, akamfunga miguu, kwa kuwa mtoto hatoki kwa mamake mikono mitupu. Kisha akaingia migombani, kama anayetafuta majani ya kufunikia kikapu, machozi yapate pa kudondokea.

Kutoka huko aliliona gari vizuri. Sifuna alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Aliipenyeza valvu kwenye tundu la rimu, nayo ikaingia sawasawa, ikatulia. Akaitazama kitambo. Akaitazama barabara. Kisha akaichomoa, akatoa wembe mfukoni mwa shati, akaikata shingo.

"Mama!" akaita kuelekea jikoni. "Huyu fundi wako hajui kazi. Hata hii haifai."