Mate ya Mama Fadhila

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na kipima mate mezani, na kisheria mdomo mkavu ulikuwa mdomo wa mwongo. Tangu hedhi ya Salhina ikome, mate yalimkauka na fizi zikawa zinamwasha.

"Jana ulikuwa wapi, Mama Fadhila?" mumewe aliuliza.

"Kwa daktari wa meno. Amesema ni umri tu."

Taa nyekundu ikawaka. Mumewe akahamia chumba cha wageni, wiki nzima hakumsemesha.

Siku ya nane Salhina alimung'unya ukwaju kabla ya kuketi mezani.

"Bado unanipenda?"

"Sana, Baba Fadhila," alidanganya.

Taa ya kijani ikawaka.

"Nami nakupenda," mumewe akasema. Kijani tena. Salhina akamtazama, akajiuliza mwenzake humung'unya nini.